Tone la Tatu

Baba alifariki Jumanne. Jumatatu iliyofuata mimi na kaka tukairudisha bunduki yake polisi. Lilikuwa gobore la zamani, refu kunizidi nilipokuwa mdogo. Kibali chake alikitunza ndani ya Biblia, maana alisema hicho ndicho kitabu pekee ambacho sisi watoto tusingekichana. Askari aliandika, akagonga muhuri, akaliegemeza ukutani. Kisha akanirudishia kitambaa tulichokuwa tumelifungia.

"Hiki si cha serikali, mama."

Nikakinusa palepale. Mafuta ya taa na mafuta ya sangara. Hiyo ndiyo harufu ya baba, na tangu hapo sijatulia, ndiyo maana nakusimulia wewe.

Tulikaa Butimba, kule chini kuelekea majini, wakati bado kulikuwa na viazi mahali ambapo sasa pana nyumba za mageti. Mama alikata viazi vyembamba akavianika juu ya jiwe letu, jiwe kubwa kama nyumba, vikauke viwe michembe. Tulikula michembe asubuhi na uji wa karanga, tukaitia mifukoni kwenda nayo shule. Usiku viboko walitoka ziwani kuvifuata hivyo viazi, na kazi ya gobore la baba ilikuwa hiyo tu: kulia. Sikumbuki kama liliwahi kuua. Lililia mara moja, na viboko wakarudi majini wakikoroma kama watu walioamshwa.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala mjini. Ufundi wa mitumbwi alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga. Jumamosi aliziba mitumbwi ya watu, Jumapili baada ya kanisa alikaa kwenye mkeka kulisafisha gobore, na kote alitumia pamba ileile iliyotoka shambani kwa bibi. Mimi niliisokota iwe kamba nyembamba, nikaichovya kwenye mafuta, yeye akaishindilia katikati ya mbao kwa patasi butu. Hadi leo vidole vyangu vinajua ule utelezi.

Jirani yetu, mvuvi, Mkerewe, alikuwa mtani wake mkubwa. Alisimama na kikombe cha chai akimtazama.

"Msukuma na mtumbwi wapi na wapi? Nenda ukachunge!"

"Ng'ombe wangu wakizama," baba alijibu bila kuinua kichwa, "nitakuita wewe uwakamue."

Mtumbwi ukishazibwa, baba hakuushusha ziwani. Aliupandisha juu ya magogo akaujaza maji kwa ndani. Kazi yangu ilikuwa kutambaa chini yake na kipande cha mkaa, na kila nilipoona tone linatokeza nje, niweke alama. "Maji hayana haya," alisema, "yatapita hata mbele ya mkwe." Kila alama ilimaanisha pamba nyingine, mchana mwingine.

Jumamosi moja, mtumbwi wa huyo jirani ulikuwa juu ya magogo, na wenzangu walikuwa wananiita twende tukateleze kwenye mawe. Niliweka alama mbili. La tatu nililiona, upande wa nyuma, tone dogo sana. Nikalifuta kwa kiganja.

"Mangapi?" baba akauliza.

"Mawili."

Siku tatu baadaye jirani alikuwa mbali na ufukwe, nasi tukamwona anachota maji kwa kopo, kisha kwa kofia, kisha anapunga mikono. Pwani hapakuwa na mtumbwi hata mmoja. Wenzake walikuwa wametangulia mbali wamempa mgongo. Baba akakimbilia ndani, akalileta gobore, akalilipua juu hewani. Akashindilia baruti, akalilipua tena. Mara ya tatu wakageuka. Walimfikia akiwa ameshika ubao. Nyavu zilikwenda na maji.

Kesho yake baba alikwenda mwenyewe polisi kueleza. Nami alinichukua, sijui kwa nini.

"Mzee, hii ulipewa kwa ajili ya viboko," askari alisema. "Kiboko yuko wapi?"

"Hakuna kiboko. Kulikuwa na mtu. Mtumbwi nilioziba mimi ulivuja."

Nilikuwa nimesimama kando ya goti lake.

Gobore lilishikiliwa msimu mzima. Viboko wakala viazi vyetu, vya jirani, na vya wale waliokaa juu yetu mlimani. Mwaka ule jiwe la mama lilikaa tupu. Na jirani, ambaye hakumchukia baba hata siku moja, akamtungia jina: Fundi Chujio. Likashika. Watu wakaanza kupeleka mitumbwi kwingine. Baba alicheka alipoitwa hivyo, lakini patasi ilianza kupata kutu. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia. Sikumwambia.

Sasa sikia. Jioni ya ile Jumatatu tulirudi msibani. Jirani alikuwepo, mzee sana, kwenye turubai na wenzake. Akaanza utani, maana mtani ndiye anayepaswa kuchekesha matanga.

"Huyu Chujio," akasema, "huko aliko wasimpe safina, tutazama wote!"

Watu wakacheka. Nami nikasimama, sahani mkononi.

"Shikamoo, mzee. Ule mtumbwi, kosa si la baba. Tone la tatu nililiona nikalifuta. Nilitaka kwenda kucheza."

Kicheko kilikatika. Mzee alinitazama. Mdomo ulimcheza kama anayetaka kutania, akaacha.

"Marahaba," akasema hatimaye. Kisha akawageukia wenzake. "Mmesikia? Alikuwa fundi." Akanigeukia tena. "Na mimi nina mtumbwi unavuja. Kesho njoo na mkaa wako."

Jumanne asubuhi nilikwenda. Wajukuu zake waliupandisha juu ya magogo wakaujaza maji. Nilipiga magoti kwa shida, nikatambaa chini. Nilikaa humo hadi mgongo ukafa ganzi. Matone yalikuwa manne. Niliyawekea alama yote manne.