Aurèle na Mishale ya Baba Mkwe

Ukitaka kumjua Aurèle Boichat, usimtafute kwenye karakana yake. Mtafute msibani. Hapa Le Locle, mji wetu wa saa milimani Uswisi, akifariki fundi saa yeyote, hata ambaye hawakuwahi kusalimiana, Aurèle atavaa koti jeusi, ataenda kanisani, ataimba kwa sauti kuliko wafiwa, kisha kwenye chakula atakaa ubavuni mwa mjane. Anakula soseji, anakunywa mvinyo, anasikitika kwelikweli, maana si mnafiki. Ila kahawa ikishaletwa anainama na kuuliza kwa upole, "Na marehemu, mama, ameacha droo?"

Ndiyo kazi yake. Kuna watu wenye saa za fahari za zamani, za enzi za babu zao, na ikipotea skrubu moja hawataki skrubu mpya. Wanataka ya miaka ileile, ya kiwanda kilekile, iliyozeeka kwa adabu. Ukiwatilia mpya watakuangalia kana kwamba umempaka babu yao wanja. Vitu hivyo haviuzwi dukani. Vimo kwenye droo za wazee waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani, dirishani, na wazee hao wanakwisha. Kwa hiyo Aurèle anazika.

Mimi nauza jibini, duka langu linatazamana na mlango wake, na miaka yote hii nimekuwa punda wa kubeba maneno ya nyumba ile. Nasema nyumba, ingawa ni mbili. Mkewe, Solange, fundi mwenzake na mwenye jicho kali kuliko lake, anaishi chini bondeni, Brenets, karibu na mto, kwenye nyumba yenye unyevu hata sabuni haikauki. Waligombana kwenye mazishi ya baba yake Solange. Mzee yule maisha yake yote alitengeneza mishale ya saa, ile yenye upenyo katikati uliojazwa rangi ya kung'aa gizani. Mmeshakisia. Jeneza halijatoka kanisani, Aurèle kamwinamia mama mkwe.

"Mama, baba ameacha droo?"

Solange akasikia. Kanisa zima likasikia, maana mama mkwe alikuwa kiziwi na Aurèle alilazimika kurudia.

Hawakupeana talaka, walipeana mgongo. Mama mkwe aliwaachia droo wote wawili, na hapo wakafanya jambo ambalo kichaa wa kawaida haliwezi. Lazima awe fundi saa. Solange alihofia Aurèle atachagua jozi nzuri. Aurèle alihofia hivyohivyo. Basi wakaigawa kila jozi: mshale mfupi wa saa kwa Aurèle, mshale mrefu wa dakika kwa Solange. Haki bin haki. Tangu hapo kila mmoja ana droo zilizojaa nusu ya kitu, na sijaona mteja anayetaka kujua saa bila dakika.

Majira haya ya baridi, daktari mmoja wa meno kutoka Bern alimletea Aurèle saa ya babu yake isiyo na mishale. Ilitaka mishale ya baba mkwe na si mingine. Aurèle akaingia dukani kwangu, akanunua jibini asiyoila kamwe.

"Jirani, utashuka lini Brenets?"

"Nikipata sababu."

"Mwambie Solange nahitaji mshale wa dakika. Ni wa mteja."

"Mteja tu?"

"Mteja tu. Kwani kuna nini kingine?"

"Mbona umenyoa ndevu, basi?"

Alitoka bila kuchukua chenji. Nawaambieni wazi: alikuwa anamtaka mke wake. Alichoka kunywa supu akitazamana na ukuta. Lakini maishani mwake hakuna kitu alichowahi kuomba ila kipuri, na hakujua kuomba kingine.

Nikashuka. Solange alikuwa anafagia theluji mlangoni.

"Anautaka? Alete wake niulinganishe. Mshale wangu hautoki hapa peke yake."

Nikapanda. "Wangu nao hautoki," akasema Aurèle. "Ataubadilisha, namjua." Nikashuka tena, nikapanda tena, theluji imenifika magotini, mpaka nikawaka.

"Mimi si treni! Jumamosi mchana, dukani kwangu, wote wawili na takataka zenu. Asiyekuja, jibini yangu aisahau!"

Walikuja. Solange alikuwa na skafu mpya, droo kaikumbatia. Aurèle alimtazama, mwishowe akaisalimia droo.

"Umeifunga vizuri."

"Na wewe umekonda."

"Ni koti hili."

Niliwafutia meza ya dirishani. Kila mmoja akaweka lenzi jichoni, akatoa mshale wake kwa kibano, wakailaza bega kwa bega juu ya karatasi nyeupe. Kisha wakavua lenzi, wakazifuta, wakatazama tena.

Mshale wa Aurèle ulikuwa umekaa karibu na jiko lake la kuni, na rangi yake ilikuwa ya manjano kama siagi. Wa Solange ulikuwa umekaa kwenye unyevu, nayo rangi imekuwa ya kahawia, karibu nyeusi. Ilitoka mkono mmoja, siku moja, kwenye kikopo kimoja cha rangi. Wakajaribu jozi nyingine, na nyingine. Droo nzima kwa nzima, haikuwepo hata moja iliyofanana tena.

"Huu si wa baba," akasema Aurèle, lakini kwa sauti ndogo.

"Ni wa baba. Tazama alivyochonga ncha. Tumeiharibu sisi."

Solange akakaa juu ya kreti. Sikuwahi kumwona analia. Alilia vivyo hivyo, lenzi jichoni, mpaka ikajaa maji. Aurèle akatoa leso, akahangaika nayo, halafu akafuta lenzi badala ya uso. Nilitaka kumpiga kwa jibini.

"Inaweza kufanana," akasema.

"Kwa kupaka? Ukiipaka rangi nitakuua, wewe bwana."

"Nani kasema kupaka? Iwekwe droo moja. Mahali pasipo pakavu sana wala penye unyevu sana. Itazeeka pamoja, itakaribiana."

Hata mimi muuza jibini nilijua ni uongo. Rangi ikishageuka imegeuka. Solange, aliyekulia katikati ya mishale ile, alijua zaidi yangu, na nilisubiri amrarue.

"Itachukua muda gani?" akauliza.

"Miaka kumi. Labda kumi na mitano."

"Aurèle, una sabini na sita."

"Ndiyo maana nasema tusichelewe."

Solange aliitazama mishale miwili ile pale mezani, wa siagi na wa kahawia.

"Na yule daktari wa Bern?"

"Ana saa nyingine."

Akavua lenzi, akajifuta uso kwa ncha ya skafu, kisha akaichukua droo yake na kuibwaga mikononi mwa mumewe.

"Haya, beba wewe. Mgongo wangu hauziwezi ngazi zako."