Doa la Zambarau la Shee Khatibu

Hebu mwone Shee Khatibu akiingia Mtopanga mwaka wa 1961: kanzu nyeupe, baiskeli imekoga vumbi, nyuma kapu la chupa tupu, na mkononi dele la kahawa. Ukimdhania muuza kahawa, hukukosea sana. Lakini kazi yake ilikuwa mikojo.

Shee ni mtoto wa Kisauni. Alisoma kemia mpaka Makerere, akarudi kufanya utafiti katika wodi ya wagonjwa wa akili. Yeye aliamini wazimu si majini wala laana. Ni kemikali za ubongo zilizopoteza kipimo, na zikizidi hutoka na mkojo. Alidondosha mkojo kwenye karatasi, akaipulizia dawa, akangoja. Ya wagonjwa ikatoa doa la zambarau. Ya wauguzi, kina Kioko na Margret waliotoka bara, ikabaki nyeupe.

"Wazimu una rangi!" akamwambia Kioko, nusura ambusu.

Mkuu wake, daktari Mzungu, hakubusu mtu. "Wagonjwa wako wote ni wa pwani. Nipimie watu wa pwani wenye akili timamu. Wakitoka weupe, nafasi ya kwenda Ulaya kusomea ubongo ni yako."

Ndipo akaja barazani.

"Wazee wangu, nawaomba mikojo yenu."

"Umroge nani?" akauliza Mbwana, kinyozi.

"Wallahi si uchawi, ni sayansi."

"Wachawi nao husema vivyo hivyo."

Aliyemwokoa ni shangazi yake, Bi Tumu, aliyechungulia dirishani. "Mpeni mtoto! Hamwoni kaja na kahawa? Hakuja mkono mtupu." Wakanywa mpaka dele likakauka, na baadaye chupa zikajaa.

Kesho yake karatasi zikatoka zambarau. Zote! Mwalimu wa chuoni zambarau, Mbwana zambarau, na Bi Tumu amekolea kuliko mgonjwa yeyote wodini.

"Mimi nashika wembe," Mbwana akalalama Shee aliporudi na majibu, "sasa nani atanipa kichwa chake?"

Baraza likacheka, Shee hakucheka. Alikuwa ameinamia finjani yake, akiikodolea macho. Tangu lini yeye, alivyolelewa na Bi Tumu, amewahi kumwomba mtu kitu bila kumkaribisha kahawa kwanza? Kila mgonjwa alipewa finjani, kisha chupa. Kina Kioko hawakupewa, kwani wao ni watu wa kazini, na wana chai yao ya maziwa. Wodi nzima ameipaka zambarau kwa mkono wake mwenyewe!

Ikabidi aanze upya. Aliwasihi wote, wagonjwa na baraza, waache kahawa siku chache. Kwa Bi Tumu akakaa kitako.

"Ikiwa ni kahawa, shangazi, doa litatoweka hata kwa wagonjwa. Na safari yangu itatoweka nalo."

"Na lisipotoweka?"

"Basi huenda bado nina bahati."

Bi Tumu akaitikia "haya" na kuendelea kupepeta mchele.

Shee akapita na chupa zake, mkono mtupu, akiomba huku akitazama pembeni kwa haya. Karatasi zikatoka nyeupe, za wagonjwa na za wazima. Ila moja: ya Bi Tumu, zambarau kama bilingani.

"Shikamoo shangazi. Ulionja kahawa?"

"Marahaba. Mie? Hata tone."

Nyuma yake dele lilikuwa likifuka mvuke.

"Na hilo?"

"La mgeni."

"Mgeni gani?"

"Wewe, mwanangu. Keti." Akammiminia. "Andika tu shangazi yako ana wazimu. Hapa Mtopanga nani atashangaa?"

Shee alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha akaenda kuandika ukweli: kahawa. Ulaya hakwenda mwaka ule. Alikwenda baada ya uhuru, akautafiti ubongo miaka mingi, na hakumpima mgonjwa bila kumwuliza kwanza amekunywa nini.

Lakini shangazi yake, Shee hakumwuliza tena. Mkubwa haulizwi mara mbili. Basi niambie wewe: Bi Tumu alishindwa kuiacha kahawa, au alitaka mtoto wake abaki na japo doa moja la kusafiria?