Bibi Alivyomfinya Mwanaisimu

Jumatatu, kwenye ofisi moja ya kijiji huko Ileje, nilikuta bibi amekunja mikono, hataki hata kumtazama binti aliyekuja kurekodi Kindali, lugha ya huko.

"Unauliza tunaitaje shamba, tunaitaje mpaka," bibi alisema. "Nani amekutuma?"

"Chuo, bibi. Nasomea isimu, elimu ya lugha. Nilikulia Tunduma, mama akiuza mchele. Mteja akija na Kibemba namjibu Kibemba, akija na Kinamwanga namjibu hivyo hivyo. Ndiyo nikazipenda lugha."

Bibi akamnong'oneza mtendaji wa kijiji aliyeketi kando yake, tukasikia wote: "Anayejua lugha za watu wote, yeye kwao wapi?"

Sisi wa mpakani tunamshuku mwenye lugha nyingi kuliko mwenye pasi mbili za kusafiria.

Ghafla bibi akamfinya binti mkono. Kina bibi wa huku huamini mtu akiumia hulia kwa lugha ya kwao.

"Aisee!" binti akaruka.

Bibi akacheka. "Kumbe wa stendi ya mabasi, kilio chenu nyote ni 'aisee'! Washa kidude chako. Watu wa stendi hawana haja na mashamba."

Kisha akanigeukia. "Na wewe uliyekaa kimya, wa wapi?"

Mikono nilikuwa nimeshaificha mfukoni.