Kapu la Ndagala la Mama

Mwezi ukiwa mpevu, ziwa halitoi ndagala. Samaki hawa wadogo hufuata taa usiku, na mbingu ikiwa na mwanga wake, taa ya mvuvi haiwavuti. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi wa Uvira walikuwa na siku zao za kukaa. Nyavu zilishonwa, karabai zilisafishwa, na wanaume walizunguka uani bila kujua la kufanya na usiku. Wengine walikunywa. Mume wangu na mimi tulikwenda Usumbura, mji mkubwa ng'ambo ya mto Ruzizi, Jumamosi iliyoangukia katika siku hizo, tukarudi Jumapili.

Tulikuwa wageni. Tulitoka Ujiji, upande wa Waingereza, miaka ya hamsini ilipoanza, kwa sababu mume wangu alisikia kwamba kaskazini wanatafutwa watu wanaojua kuvua kwa taa. Tukapanga chumba Kasenga, mtaa wa Uvira. Yeye aliingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Mimi nilianika ndagala juu ya mchanga, nikawageuza jua likipanda, nikafukuza kunguru, nikawakusanya kabla ya umande. Mikono yangu ilinuka samaki hata siku za Ijumaa nilipojipaka mafuta.

Majirani walikuwa watu wa ziwani tangu mababu zao, Wakristo, na walinitendea wema. Waliniita Mungwana, kama wanavyowaita Waislamu wa upande wetu, na walikicheka Kiswahili changu. Sikuwahi kugombana na mtu. Lakini jioni, mume wangu akishaondoka, nilikaa mlangoni nikijua kwamba katika mji ule hakuna mtu aliyewahi kumwona mama yangu.

Mama alibaki Ujiji. Watoto wake wengine walikuwa wamekufa, nikabaki mimi. Tulipoondoka kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Hakunizuia. Aliniambia neno moja tu, nikiwa nafunga mzigo: "Wewe ndiye utakayeniosha." Kwetu maiti ya mama huoshwa na binti yake, kama yuko. Nilimjibu kwamba nitakuwapo. Tangu siku ile hilo ndilo nililolibeba. Sikuomba utajiri wala nyumba. Niliomba nisikose kuwapo.

Meli ya Kigoma iliondokea Usumbura, na ndiyo sababu nilizipenda safari zile. Kila tulipopanda kamio, lori la samaki, nilifikiri kwamba huenda safari hii mume wangu atasema tuendelee moja kwa moja hadi nyumbani. Kila mara alisema mwezi ujao. Hakuwa mtu mbaya. Aliona haya kurudi kwao akiwa bado anavua kwa karabai ya mtu mwingine. Alitaka kushuka Kigoma na taa yake mwenyewe mkononi, watu waione. Haya hiyo humshika mtu ugenini kama homa, na aliyebaki nyumbani haijui.

Asubuhi ya safari majirani walitutania. Mmoja, mama mwenye sauti nene aliyeuza mihogo, alikuwa akisimama njiani na kusema, "Weye Mungwana, unaenda kula mukate wa Wazungu, na siye tubakie na ugali. Ukirudi bila mukate, usipite hapa." Nilimletea mkate kila mara. Alikuwa akiula pale pale, amesimama, na kusema hauna chumvi.

Kamio lilipita Kavimvira, likavuka daraja la Ruzizi, ambapo askari waliangalia ruhusa zetu na sisi tukaangalia viboko mtoni. Usumbura tulitembea kama watu wenye nafasi. Tulitazama vioo vya maduka ya Wagiriki. Mume wangu alisimama sana mbele ya duka moja lenye taa, kisha tukarudi Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kabla ya saa ya kukatazwa watu weusi kupita mitaa ya Wazungu.

Buyenzi tulifikia kwa mwanamke mzee wa Ujiji. Zamani alikuwa jirani wa mama yangu, wakichota maji pamoja, nami nilimwita mama mdogo. Kila safari nilimpelekea kapu la ndagala niliowachagua mwenyewe, wasiokatika vichwa, ampe mtu wa meli ampelekee mama. Alilipokea kwa mikono miwili. Nikimwuliza habari za nyumbani, alisema watu wanasalimu, akanisogezea chai na vitumbua, akaniuliza habari za Uvira. Sikuona kitu. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na kweli sikuona kitu.

Safari ya mwisho tulimkuta uani kwake mgeni aliyeshuka melini, muuza mawese wa Ujiji niliyemfahamu kwa sura. Alinyanyuka kunisalimu. Alikuwa mtu wa adabu. Akanishika mkono, akasema, "Pole sana, dada, kwa mama. Tulimzika vizuri. Watu walikuwa wengi."

Nilimwambia asante. Mdomo wangu ulijibu wenyewe. Kisha nikaona mama mdogo ameweka birika chini na kujifunika uso kwa kanga, na yule mgeni anamtazama yeye, ananitazama mimi, akiwa ameuacha mkono wangu kama ameshika moto.

"Hajaambiwa?" alimwuliza.

"Ningemwambia mimi kama nani?" alisema mama mdogo.

Kwetu habari ya kifo haipewi mtu ovyo. Aliye mbali huambiwa na mtu wa ukoo wake, tena mkubwa, akiwa amekaa, amekula, na wanawake wako tayari kumshika. Mama mdogo hakuwa wa ukoo wetu. Alingoja aje mjomba, au binamu, au yeyote wa damu yetu. Na watu wa damu yetu kule Ujiji walijua kwamba nina mtu Buyenzi, wakaamini nimeshaambiwa, wakashangaa kwamba siji. Kila upande ulishika adabu yake. Mama alikuwa kaburini tangu kabla ya mvua, nami nilikuwa bado namchagulia samaki.

Nilimwuliza mama mdogo makapu yalikwenda wapi. Alisema alimtolea mama sadaka, akawagawia maskini wa msikitini, kila kapu, na wakamwombea. "Sikula hata mmoja, mwanangu," alisema. Nilimwamini. Nikamwuliza nani alimwosha. Alisema hajui.

Kwenye daraja askari alitania kwamba leo hatukununua mkate, mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Kasenga nilikaa chini kwenye mkeka, kwa kuwa sikujua pengine pa kukaa. Muuza mihogo alipopata habari alikuja na mzigo wa kuni kichwani, kama wanavyofanya wao panapokuwa na msiba, kwa ajili ya moto wa wanaokesha. Akasimama mlangoni.

"Amekufa lini?"

Nikamwambia.

"Basi hakuna matanga," alisema polepole. "Watu hawatakuja kulia muntu wa zamani. Kuni hizi niziweke wapi, dada?"

Hakunidharau. Aliuliza kweli. Alizishusha kando ya ukuta, akakaa nami mpaka jua likazama, kisha akaenda kuwapikia wanawe. Hakuja mwingine. Kilio kilikuwa kimeshaliwa na watu wengine, mahali pengine, na sikubakishiwa. Zile kuni nilizipikia ugali siku zilizofuata.

Mwezi uliofuata ulipokuwa mpevu, mume wangu aliingia akiwa amevaa koti lake la safari. Alisema amezungumza na tajiri wake, amepata nauli ya watu wawili, taa itanunuliwa siku nyingine. Meli inaondoka Jumapili.

"Twende nyumbani," alisema.

Nilikuwa nimekaa na kapu mapajani. Mikono ilikuwa imeshaanza kuchagua, kama ilivyozoea, wazima huku, waliokatika vichwa kule.

"Kwa nani?" nilimwuliza.

Alivua koti, akalitundika msumarini, akatoka kwenda kukaa karibu na nyavu, ambazo usiku ule hazikuwa na kazi.