Jiwe Lililotoka Jasho

Mwaka jana nilikuwa nafua mashuka katika nyumba moja ya wageni mjini Kigoma. Mwenye nyumba alinunua taa ya jiwe, la rangi ya waridi, lenye balbu katikati, akaiweka mapokezi ili wageni waone kwamba na yeye yumo. Ikafika siku moja ya joto zito, mvua za kwanza hazijaanza, dada wa mapokezi akaniita kwa kelele: "Dada Nyamizi, njoo na kitambaa, litaa linakojoa!"

Kweli lilikuwa limelowa lote, na maji yametambaa mpaka kwenye kitabu cha wageni. Nikafuta meza. Kisha, kwa tabia yangu ya kutoacha kitu bila kukijua, nikalamba kidole. Ilikuwa chumvi, na papo hapo nikarudi kwetu, Sikonge, miguuni pa mama.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali mpaka mbwa wa jirani wakanizoea. Nimepika migodini, nimeuza asali stesheni, nimelala juu ya magunia ya mpunga toka Igunga. Popote ninapofika huangalia chini kwanza, nione mawe ya hapo yakoje. Hilo nimelitoa kwa mama.

Kabla sijazaliwa, mama alikuwa mpishi katika kambi ya watu waliokuja kupima miamba porini. Mmoja wao, mzee wa Kizungu ambaye vibarua walimwita Bwana Nyundo, aliona kwamba kila akirudi na mawe yake, mpishi anaacha sufuria anakuja kuuliza. Kambi ilipofungwa alimpa jiwe moja jeupe linalong'aa kama kioo. Kisha kila nchi aliyokwenda kufanya kazi, alimtumia jingine kwa posta.

Hivyo katika nyumba yetu ya matofali mabichi, yenye kuku wanaolala jikoni, kulikuwa na mawe ya dunia nzima. Mama aliyahifadhi katika kilindo, lile kopo kubwa la magome ya miti ambalo kwetu hutunziwa nafaka, kila jiwe limeviringishwa pamba. Jumapili baada ya ibada alikifungua, nami nilikaa miguuni pake. Kulikuwa na la kijani kutoka Kongo, lenye mistari kama kabichi iliyokatwa. La zambarau kutoka Brazili, ukilitazama ndani unaona meno. Kulikuwa na vijisanduku vya rangi ya shaba kutoka Hispania, vimenyooka pande zote, nami niliamini fundi fulani huko amevipiga randa. La manjano lilinuka kiberiti, nikikataa kula mama alinitishia kulilaza kitandani kwangu.

La mwisho kuja lilikuwa la chumvi, kutoka Polandi. Nilidhani Polandi iko mbele kidogo ya Igunga. Lilitosha kujaza kiganja cha mama, lina kona kama kipande cha sabuni, na safi kiasi kwamba ulisoma maandishi ya Biblia kupitia ndani yake. Mama alicheka alipolipata. "Babu zako walibeba chumvi ya Uvinza vichwani, wakapita na misafara hapa hapa," alisema. "Mimi ya kwangu imeletwa kwa ndege." Baada ya hilo hakuna kifurushi kilichokuja tena. Mama aliendelea kuuliza posta kila alipokwenda Sikonge mjini, mpaka karani akawa anatikisa kichwa kabla hajafika dirishani. Jiwe lile halikuwekwa kilindoni. Lilikaa rafuni, juu ya sahani, mahali pa kuonekana.

Sahani ile ndiyo iliyotuponza. Mama Kulwa, jirani na rafiki wa mama, ndiye aliyegundua kwamba siku moja kabla ya mvua jiwe hutoka jasho. Sisi watu wa tumbaku tunaishi kwa kubahatisha mvua: ukihamisha miche kutoka kitaluni mapema inaungua, ukichelewa imekuwa mirefu haifai. Mama Kulwa alianza kuchungulia mlangoni asubuhi, akimwita mama kwa Kinyamwezi.

"Mayo, limesemaje leo?"

"Kavu."

"Haya, nalala tena."

Likitoka jasho, alipiga vigelegele, na watu wakachukua majembe. Baba wa watu kutoka kijiji cha pili aliendesha baiskeli kuja kuuliza. Mama aliwaeleza kila mara kwamba chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kama ile ya jikoni inavyoganda masika. Waliitikia kwa adabu. Na mimi nilitembea shuleni kama binti wa chifu.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua haikuja. Visima vya mbugani vilibaki tope, tukanywesha vitalu kwa vikombe, mche mmoja mmoja. Asubuhi Mama Kulwa alichungulia. Kavu. Kesho yake kavu. Akaacha kutania. Na neno likabadilika taratibu midomoni mwa watu, sikuona lilipogeukia. Jiwe lilikuwa linajua mvua. Wiki zilivyokwenda, likawa limefunga mvua.

Walikuja Jumapili, wote wametoka kanisani kuomba mvua, bado wamevaa nguo za ibada. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba bila kunitazama. Kila mmoja alishika kikombe cha maji kutoka kwake, siku ambazo kikombe cha maji kilikuwa kitu cha kugombana. Mzee Malale, mtu wa vitalu vikubwa kuliko vyote, ndiye aliyesema.

"Mama Nyamizi, hatukuja kwa ugomvi. Jiwe lina kiu. Limekauka, na sisi tumekauka. Linyweshwe, basi."

"Mzee wangu, mkilitia maji litakwisha. Ni chumvi. Chumvi ya kula."

"Chumvi gani ina kona?" mtu mmoja nyuma akauliza, na kicheko kidogo kikapita.

Mama akalichukua rafuni, akalilamba mbele yao, akalinyoosha. "Onjeni. Mzee Malale, onja wewe."

"Mimi nilambe mvua?" Mzee akarudi nyuma. "Ili radi inifuate mpaka kwangu?"

Mama akamgeukia rafiki yake. "Mama Kulwa. Wewe unanijua."

Mama Kulwa alikuwa anatazama kikombe chake. "Nakujua, mayo," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini miche yangu imekwisha. Nifanyeje?"

Alikuwa na majibu ya kila jambo, mama yangu, hata la kwa nini jiwe la Hispania lina pande sawa. Safari hii alilipangusa jiwe mate kwa ncha ya khanga. Mimi nilishika khanga yake kwa nyuma, nikaivuta kama vile naweza kumvuta yeye na jiwe tukaingia ndani na kufunga mlango. Hakuna aliyetutisha. Hakuna aliyeinua mkono. Nafikiri mtu angetutukana ingekuwa rahisi zaidi.

"Leteni beseni," mama alisema. "Nitalinywesha mwenyewe."

Wakamimina vikombe vyao kimoja kimoja. Mama akaliweka jiwe katikati. Mwanzoni hatukuona kitu, ila nyuzi nyembamba ndani ya maji, kama joto linavyocheza juu ya barabara. Kisha kona zikalegea. Mama aliligeuza kwa mkono, upande huu na upande huu, kama anavyoogeshwa mtoto. Watu walikaa chini. Jua likasogea. Likawa kama yai, likawa kama haragwe, na mara moja tu, sikulifuata vizuri, mkono wa mama ukawa unatafuta ndani ya beseni na haupati kitu.

"Limekwenda wapi?" Mzee Malale aliuliza, na sasa aliogopa kweli.

"Limepanda," akajibu mwanamke mmoja. Likapita kwa wote: limepanda, limepanda juu. Vigelegele vikapigwa. Mama alisema limo humu humu, onjeni maji, lakini hakuna aliyemsikia. Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya beseni, na uso ameuinua, anatazama juu.

Mvua haikuja siku hiyo, wala wiki ile. Maji yale hayakufaa kunywa wala kumwagilia. Mama hakuyamwaga; aliyatia kidogo kidogo kwenye maharage, akasonga ugali wa nyongeza, akampelekea Mama Kulwa bakuli kama alivyozoea. Mama Kulwa alikula na wanawe na kurudisha bakuli likiwa limeoshwa. Mvua ilipokuja, vitalu vilikuwa vijiti. "Tulichelewa kulinywesha," watu walisema, nao walimhurumia mama kwa hilo. Kilindo hakikufunguliwa tena Jumapili. Mawe yale mengine yako kwa dada yangu Urambo, na kila nikipita nayaviringisha pamba mpya.

Kisa hiki nimekisimulia majikoni mengi na ndani ya malori mengi. Siku zote nilisema mama aliinua uso ili asione jiwe lake likiisha, kama mtu anayechomwa sindano. Hivyo ndivyo nilivyoelewa nikiwa mtoto, na sikuwahi kuhoji, mimi ninayehoji kila kitu.

Siku ile Kigoma, kidole kikiwa bado mdomoni, dada wa mapokezi akaniuliza, "Sasa huko nje unatafuta nini?"

Ndipo nikaona nimekwisha kufika dirishani. Najua kwa nini chumvi hutoka jasho, naweza kukueleza vizuri kuliko mwalimu aliyenichapa. Na bado nilikuwa nimesimama pale na kitambaa kilicholowa, natafuta mawingu upande wa Ujiji.

Mama naye alikuwa na kitalu nyuma ya nyumba. Miche yake iliungua kama ya wengine. Alijua kuliko wote waliokaa pale kwamba ni chumvi tu, na mikono yake ilikuwa ndani ya maji hayo, na alitazama juu.