Choo cha Babu wa Ardhi

Ko Su-chen hakuutaka ukuu wa shule. Walimu wenye sifa walipoitwa kuomba nafasi ile katika shule ya msingi ya Kanpu, mmoja aliumwa mgongo ghafla, wa pili akapandwa na presha, wa tatu akapata mimba ya uzeeni. Su-chen alichelewa kuugua, basi akapewa yeye.

Shule ilikaa katikati ya mashamba ya vitunguu saumu, na hata vitabu vyake vilinuka saumu. Vijana walikuwa wamehamia Taipei, waliobaki wakafuga mbwa badala ya kuzaa. Serikali ilitoa fedha kwa kuhesabu vichwa vya watoto, lakini mvua haikuwa na habari hiyo; ilipita kwenye paa la madarasa kwa wingi uleule wa zamani. Kazi za utawala hakuna aliyezitaka, zikapigiwa kura ya bahati. Mwalimu Peng, kijana wa mkataba, aliokota uhasibu. Mwaka uliofuata akaokota nidhamu, na wa kumvua uhasibu hakutokea. Su-chen mwenyewe alizibua mabomba na kuendesha gari la chakula cha mchana. Siku ya michezo alivaa manyoya ya jogoo, maana alikuwa amewekeana dau na watoto nao wakamshinda.

Kuhusu paa, alimpigia simu Ofisa Yen wa idara ya elimu mpaka akaujua kwa moyo muziki wa kusubirisha watu.

"Mwalimu Mkuu, paa lenu limewekwa daraja la pili," Yen alimwambia.

"Daraja la kwanza ni mapaa yapi?"

"Yaliyokwisha kuanguka."

"Kumbe nipande nikalisaidie?"

"Mama, hilo mimi sikulisikia."

Likabaki hekalu. Shule ilikuwa fukara, lakini Babu wa Ardhi, yule mungu mwenye ndevu nyeupe anayelinda mashamba, alikuwa tajiri, kwa kuwa kila aliyeuza saumu vizuri alimkatia fungu lake. Mwenyekiti wa hekalu, Mzee Liao, mlanguzi wa saumu mwenye meno mekundu kwa tambuu, alisoma darasa moja na baba yake Su-chen, wala hakuwahi kumheshimu baba wala binti.

"Hela si zangu, mwanangu, ni za Babu," alisema. "Muulize mwenyewe."

Su-chen akaleta kuku wa kuchoma na peremende za karanga, akapiga magoti, akashika vile vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikianguka chali na kingine kifudifudi, Babu amekubali; na penye hela hutakiwa akubali mara tatu mfululizo. Wanakamati walikaa nyuma yake wakitafuna, kama watu waliokuja kutazama mpira.

"Babu, tujengee paa." Akarusha. Vyote kifudifudi.

"Kakataa!" Liao akatangaza kwa furaha.

"Nusu ya paa, basi." Vyote chali.

"Sasa anakucheka."

Akaomba rangi. Akaomba mapazia. Babu akakataa hata mapazia. Magoti yalimuuma, hasira ikampanda mpaka utosini.

"Wewe mzee, kwani unataka nini? Wajukuu zako wanajisaidia mahali ambapo hata nguruwe wa Mwenyekiti wangegoma. Vyoo je?"

Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Tena. Na tena. Wanakamati wakapiga makofi.

"Vyoo?" Peng alimuuliza aliporudi. "Si ulifuata paa?"

"Nenda kabishane naye wewe."

Mafundi waliokuja walikuwa wajenzi wa mahekalu, hawakuzoea kujenga kitu cha unyenyekevu. Choo kikapandishwa nguzo nyekundu, paa la vigae, majoka ya kijani kila pembe, na kibaraza kipana chenye bamba la jina la Liao. Pale shuleni hapakuwa na jengo kavu zaidi.

Mvua za mwezi wa tano ziliponyesha, ubao wa dari ukaanguka darasa la nne wakati watoto wako mapumziko. Su-chen aliitazama meza iliyopondwa na ubao ule. Kisha akasema, "Chukueni viti." Shule nzima ikahamia kwenye kibaraza cha choo cha Babu. Kila maji yalipovutwa ndani, hesabu zilisimama kidogo, kisha zikaendelea.

Bibi mmoja aliyemletea mjukuu mwavuli akapiga picha, akawatumia ndugu zake. Kufika jioni kisiwa kizima kilijua kwamba Kanpu watoto wanasomea chooni. Asubuhi Yen akawasili, viatu vinang'aa.

"Umetuaibisha! Watoto chooni?"

"Kibarazani," Su-chen akamsahihisha. "Wanaojifungia chooni ni darasa la sita, na hao ni kwa hiari yao."

"Ungeniambia hali imefika hapa!"

Su-chen akamwimbia ule muziki wa simu, mwanzo hadi mwisho. Peng akageuka ukutani, mabega yakimtetemeka. Yen alipoondoka, Su-chen aliingia kwenye gari la chakula, akafunga milango, akalia kidogo pamoja na masufuria. Alilia kwa woga, kujuta hakujuta.

Alipata karipio la kuchafua sura ya elimu, na wiki hiyohiyo paa likapandishwa daraja la kwanza, maana sasa kitu kilikuwa kimeanguka. Likaezekwa upya likizoni.

"Babu alijua tangu mwanzo," Liao alijigamba. "Wewe ulikuwa hujui kuomba."

"Na mapazia?"

"Mapazia usimrudie. Ameshakasirika."

Muhula wake wa ukuu ulipokwisha, hakuomba mwingine. Alirudi kufundisha darasa la nne palepale Kanpu, jambo ambalo wakubwa waliliona aibu na yeye akaliona mapumziko. Mwezi ule wa kwanza alinenepa. Mumewe alipomkuta nyumbani jua halijazama, akimenya viazi vitamu, alisimama mlangoni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama wamemfukuza.