Fundo Kwenye Waya wa Pazia

Nyumba tuliyokulia katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, na ndugu za baba hawakuacha kushuka kutoka Kasai. Kila aliposhuka mmoja na mabunda yake, baba alisukuma pazia. Kilikuwa kitenge cha mama cha zamani, kimetundikwa kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta: upande huu wageni, upande ule sisi watoto. Wageni wakizidi, upande wetu unapungua, nami nikajifunza kulala nimekunja magoti. Siku moja mama alipanda kiti na koleo ya baba mkononi, akaupinda ule waya fundo, pete za pazia zisipite. Jioni baba mkubwa akavuta, likagoma.

“Shemeji, rido yako imekwama.”

Mama hakuacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. “Haikukwama, tata. Pale njo mwisho. Batoto nabo beko na miguu.”

Mnisamehe, ninyi mnaonisoma, nimezoea kuingilia mlango wa nyuma. Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi asubuhi nilikuwa redioni nikingoja zamu yangu ya hadithi, mtangazaji akasoma tangazo la kifo, na aliyekufa ni yule fundi aliyetengeneza programu ya kompyuta ambamo tangazo lenyewe lilikuwa limeandikwa. Aliugua tumbo muda mrefu, wala hakutaka lisemwe. Hatukuwa marafiki wa kula sahani moja. Tulikuwa tukikutana palepale studio, yeye na karanga zake mfukoni, mi na maneno yangu.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nawaeleza kama nilivyoona. Dirisha la programu ile limegawanyika: kushoto nyimbo, kulia matangazo ya vilio, yaani ya misiba, na katikati mstari unaosukumwa kwa kipanya, huku kukipanuka, kule kunapungua. Mwanzoni mstari ulikwenda popote. Jioni moja mtangazaji wa muziki aliusukuma hadi ukingoni ili azione nyimbo zake vizuri, akaenda zake. Mashine ni tiifu, ikakumbuka mstari ulipoachwa. Asubuhi mwenzake akafungua, akaona nyimbo tupu, akasema hewani kwamba leo Mungu ametuhurumia, hakuna kilio. Kumbe vilio vilikuwamo, vimebanwa nyuma ya mstari.

Baada ya siku chache akaja mama mmoja, muuza unga kutoka mtaa wa Mutoshi. Kaka yake alikuwa amezikwa huku mjini, na yeye kutwa nzima redio ilikuwa wazi juu ya meza yake ya sokoni, asisikie jina la kaka yake. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akauliza, “Mulisema hakuna kilio. Sasa ule balizika njo nani?” Fundi alimsogezea kiti. Hakukaa.

Alipoondoka, fundi aliwasha kompyuta palepale. Nikamwambia, “Mwanangu, gonga musumari tu, huo mustari usisogee tena.”

“Hapana, tata. Ukigonga musumari, siku dirisha inakuwa kadogo, bitu byote bitapandana. Mi sipangi kila kitu kikae wapi. Mi naandika masharti, mashine inatafuta yenyewe pa kubiweka.”

Masharti yake yalikuwa ya aina mbili, ya kuomba na ya lazima. Mstari ukae pale mtu alipouacha: hilo ni ombi. Upande wa vilio usipungue chini ya upana wa jina refu kuliko yote yaliyowahi kusomwa: hilo ni lazima. Na dirisha likiwa dogo hata pande mbili zisitoshe, nani apungue? “Nyimbo,” akasema. “Wimbo unarudia kesho.” Nikamsimulia pazia la mama. Akacheka, karanga zikamwagika. “Tata, mama yako alitangulia. Mi nalisoma miaka mingi juu ya kufika ku ile fundo.”

Tangu Alhamisi nimekuwa nikiuwaza mji wetu. Shimo la mgodi upande huu, nyumba upande ule, na mstari unasukumwa. Mtaa niliochezea utotoni, leo ukisimama pale unatazama chini. Siwatukani wanaosukuma. Anayehitaji nafasi husukuma. Hata baba alisukuma, naye alikuwa mtu mwema. Nauliza tu nani alipinda fundo kabla ya wageni kufika. Mnyonge hasaidiwi na ahadi kwamba pazia halitasogea, maana litasogea. Anasaidiwa na yule aliyesema mapema: pale ndipo mwisho. Alhamisi ile mtangazaji alikuwa amesukuma mstari wake kadiri ulivyokubali, nyimbo zimejaa karibu kioo chote. Ulibaki ukanda mwembamba kulia, na ndani yake jina la fundi, refu kama majina ya Wakasai yalivyo, halikukatika hata herufi.

Mara ya mwisho nilipomwona fundi, direkteri, mkuu wa redio, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

“Saa ya muziki sitaki animateri aone bilio,” direkteri alisema juu ya mtangazaji wa nyimbo. “Sauti yake inaangukaka, bantu banasikia.”

“Iachie ianguke kidogo, patron.”

“Toa ile fundo. Ao kazi tunapatia mwingine.”

Fundi aligonga kioo upande wa vilio. “Ule upande ulikwisha kufungwa mara moja, patron. Mama wa Mutoshi eko anajua.”

Direkteri akarudi ofisini kwake. Na huyo mwingine wa kulitoa fundo, mpaka leo, hajapatikana. Fundi alikusanya maganda ya karanga kiganjani, kila ganda, akachukua mfuko wake. “Mubakie muzuri, tata,” akaniambia. Nilidhani anakwenda kuyatupa. Akapita geti, maganda bado mkononi, akashika njia ya soko, na hakurudi.